Sola ya rangi: Kabla ya kuingiza fedha, uliza hadubini imeona nini

MFANYABIASHARA wa vifaa vya umeme pale Sakina anajua kupima paneli ya sola ya kawaida kabla hajatoa fedha. Huitoa nje juani, hugusisha nyaya za mita, husoma volti na ampea, huigeuza kuangalia wati zilizoandikwa nyuma, kisha mazungumzo ya bei huanza. Kwa paneli za silikoni utaratibu huo umewaokoa wengi, ingawa haujawazuia wajanja kubandika karatasi ya wati nyingi kwenye paneli ya wati chache.

Wiki hii ukurasa huu unaangalia aina nyingine ya sola, ambayo mita peke yake haitoshi kuijua. Ni seli ya jua inayotumia rangi, rangi kwa maana ile ya kuchovyea nguo na si ya kupaka ukuta. Haina silikoni. Ndani yake mna vioo viwili, unga mweupe wa titani, rangi, na kimiminika kidogo chenye madini joto yale yale yanayotiwa kwenye chumvi ya mezani. Wanaoisifu husema malighafi zake ni rahisi, kwamba unga huo ndio unaotumika kwenye rangi za nyumba na dawa ya meno, na kwamba hata maji ya choya yanaweza kuwa rangi yake. Yote hayo ni kweli. Mwenye mtaji mdogo akiyasikia huanza kuona kiwanda.

Lakini seli hii haipati thamani yake kutoka kwenye malighafi. Inaipata kutoka kwenye mpangilio wa tabaka moja jembamba, lenye unene wa kama mikroni 10, yaani sehemu moja ya mia ya milimita. Mpangilio ukiwa mzuri, seli inatoa umeme. Ukiwa mbaya, malighafi zile zile, kwa uzito ule ule, hazitoi kitu cha maana, na jicho halioni tofauti yoyote kati ya hizo mbili. Inayoiona ni hadubini. Kwa bidhaa hii, basi, hadubini ni chombo cha biashara kama mizani ilivyo kwa mnunuzi wa kahawa.

Inavyofanya kazi

Seli hii ilipata umaarufu mwaka 1991, pale Brian O'Regan na Michael Grätzel, wakiwa Lausanne nchini Uswisi, walipochapisha katika jarida la Nature habari za seli iliyogeuza kati ya asilimia 7 na 8 ya nguvu ya mwanga kuwa umeme. Wengine walikuwa wameshajaribu kutumia rangi kabla yao, lakini juu ya nyuso tambarare, na walipata kidogo sana.

Dayoksaidi ya titani ni nyeupe kwa sababu haimezi mwanga unaoonekana. Inameza ule wa urujuanimno tu, ambao ni sehemu ndogo ya mwanga wa jua. Ukiianika peke yake juani haikupi kitu. Kazi ya kunasa mwanga inafanywa na molekuli za rangi zilizoshikamana na chembe za unga huo. Mwanga ukiipiga molekuli, elektroni moja inaruka kutoka kwenye rangi na kuingia kwenye chembe ya titani. Kutoka hapo inatangatanga kutoka chembe hadi chembe mpaka ifike kwenye kioo cha chini, ambacho kimepakwa oksidi ya bati ili kipitishe umeme. Inatoka kwa waya, inawasha taa, na kurudi kwenye kioo cha pili chenye platinamu kidogo au kaboni.

Rangi sasa imekopesha elektroni na inadai. Anayelipa deni ni madini joto yaliyomo kwenye kimiminika: yanaipa rangi elektroni nyingine, halafu yenyewe yanakwenda kuchukua yao kwenye kioo cha pili. Deni lisipolipwa haraka, molekuli ya rangi inaweza kuharibika. Kila seli inatoa kama volti 0.7, hivyo ili kupata volti za kuchajia betri inabidi seli kadhaa ziungwe kwa mfululizo, kama ilivyo kwa paneli nyingine.

Ugumu unaanza hapa. Rangi iliyotandazwa molekuli moja moja juu ya uso tambarare inanasa chini ya asilimia moja ya mwanga. Kuiongeza unene hakusaidii, maana molekuli inayoweza kutoa elektroni yake ni ile iliyogusa titani. Zilizo juu yake zinaziba njia tu. Walichofanya wale wa Lausanne ni kuacha uso tambarare na kutengeneza sponji, yaani tabaka la chembe ndogo sana zilizoungana huku zikiacha vitundu katikati. Kila sentimita moja ya mraba ya kioo ikapata ndani yake eneo la kushikia rangi linalokaribia sentimita 1,000 za mraba, yaani karibu ukurasa mzima wa gazeti la ukubwa wa tabloidi uliokunjwa ndani ya eneo la ukucha.

Sponji hiyo inadaiwa mambo yanayopingana. Chembe ziwe ndogo ili eneo liwe kubwa. Wakati huo huo ziwe zimeungana barabara ili elektroni zisipotee njiani. Na vitundu viwe na upana wa kutosha ili rangi iingie kwanza na kimiminika kifuate. Ukizidisha moja unaharibu jingine, na hakuna mita inayokuambia umekosea wapi. Mita inasema tu kwamba umeme ni mdogo.

Hadubini ipi inaona nini

Hadubini ya kawaida ya mwanga, ile inayotumika zahanati kutafutia vijidudu vya malaria, si ya kudharauliwa. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa kama mikroni 7, kwa hiyo tabaka zima la titani linazidi kidogo tu upana wa chembe hiyo. Kwa hadubini hiyo fundi anaona nyufa, mapovu, vumbi na sehemu ambazo tabaka limekuwa nene upande mmoja. Nyufa hutokea kwa sababu ile ile inayopasua ukuta wa udongo uliosiribwa mnene kwa siku moja: kitu kilichochanganywa na majimaji kinapokauka kinasinyaa. Dawa yake nayo inafanana, kupaka tabaka jembamba, kuacha likauke, kisha kurudia. Mtengenezaji aliye makini anaweza kukataa nusu ya kazi yake mbovu kwa chombo hiki peke yake.

Hata hivyo mwanga una mpaka wake. Mjerumani Ernst Abbe alieleza mwaka 1873 kwamba hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu zaidi ya takriban nusu ya urefu wa wimbi la mwanga wenyewe, na hiyo ni kama nanomita 200. Nanomita moja ni sehemu moja ya elfu ya mikroni. Chembe za titani kwenye seli nzuri ni za nanomita 15 hadi 25, yaani karibu mara kumi chini ya mpaka huo. Kununua lenzi ya bei kubwa zaidi hakuuondoi.

Ndipo inapohitajika hadubini ya elektroni. Ernst Ruska na Max Knoll walionyesha ya kwanza mjini Berlin mwaka 1931, na Ruska akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986, miaka 55 baadaye. Aina inayotumika zaidi kwa kazi hii hupitisha mwali mwembamba wa elektroni juu ya uso wa sampuli, mstari kwa mstari, na kukusanya elektroni zinazoruka kutoka hapo. Sampuli inawekwa ndani ya ombwe. Kwa kuwa titani haipitishi umeme vizuri, chaji hurundikana juu yake na picha ikawa na weupe mkali unaofuta kila kitu. Mafundi hupaka kwanza utando mwembamba mno wa dhahabu au kaboni.

Picha ya kutoka juu inaonyesha vitundu, kama vimetawanyika sawasawa au vimezibana. Picha yenye faida zaidi ni ya pembeni. Kioo hukwaruzwa upande wa nyuma kwa kalamu ya almasi, kama fundi wa madirisha anavyofanya, kisha huvunjwa, na ukingo uliovunjika ndio unaoelekezwa kwenye mwali. Hapo seli inafunguka kama keki iliyokatwa: chini kioo, juu yake utando wa oksidi ya bati usiofika hata mikroni moja, kisha sponji ya titani, na mara nyingi juu yake tabaka jingine la chembe kubwa zaidi, kama nanomita 400, ambalo kazi yake ni kurudisha ndani mwanga uliotaka kupita bila kunaswa. Hapo ndipo unene unapopimwa kweli. Hapo pia ndipo inapoonekana kama sponji imeshikamana na kioo au imebanduka na kuacha mwanya, na mwanya huo ni daraja lililokatika: elektroni zinafika ukingoni na kukosa pa kuvukia.

Aina ya pili ya hadubini ya elektroni hutumia elektroni zinazopenya sampuli yenyewe. Sponji hukwanguliwa kidogo na unga kuwekwa juu ya kijiwavu kidogo cha shaba. Kwa chombo hiki inaonekana chembe moja moja, na hata mistari ya atomi ndani yake. Dayoksaidi ya titani ina maumbo kadhaa ya fuwele, na mawili yanahusika hapa, anatasi na rutili. Watengenezaji wengi hutaka anatasi. Mistari yake mikuu imepishana kwa nanomita 0.35 na ya rutili kwa 0.32, tofauti ambayo kwa macho ya sokoni ni upuuzi lakini kwa hadubini hiyo inasomeka waziwazi.

Chombo hicho hicho ndicho kinachoonyesha kama seli imechomwa sawasawa. Baada ya kupakwa, tabaka huchomwa kwenye tanuri kwa nyuzi kati ya 450 na 500 za Sentigredi, kwa kama nusu saa, ili gundi iliyochanganywa na unga iungue na chembe zishikamane. Ukichoma kidogo mno, chembe zinakaa bega kwa bega bila kuungana, kama watu wasiosalimiana. Ukichoma sana zinayeyukiana, zinakuwa kubwa, vitundu vinafungwa, na joto likizidi zaidi anatasi inaanza kugeuka rutili. Kinachotakiwa ni shingo fupi kati ya chembe na chembe. Mfinyanzi anaielewa hali hii bila kufundishwa, ila yeye anagonga chungu na kusikiliza mlio, na sponji ya mikroni 10 haina mlio.

Ipo pia hadubini ya ncha, iliyobuniwa mwaka 1986 na Gerd Binnig, Calvin Quate na Christoph Gerber. Haitumii mwali. Inapapasa uso kwa sindano nyembamba mno kama kidole cha asiyeona, na inafanya kazi kwenye hewa ya kawaida. Inafaa kupimia ukwaruzo wa uso, lakini haingii ndani ya sponji.

Isichokiona

Muuzaji akileta picha nzuri za hadubini, mnunuzi asidhani ameona seli ikifanya kazi. Ndani ya ombwe kimiminika kinakauka mara moja, kwa hiyo karibu kila mara kinachopigwa picha ni seli kabla ya kutiwa kimiminika, au seli iliyokwisha kupasuliwa. Ni kama kujifunza mwendo wa ng'ombe buchani. Molekuli za rangi nazo ni za ukubwa wa takriban nanomita moja na hazionekani zikiwa zimetanda juu ya chembe zilizopinda. Rangi zenye metali ya rutheni, zilizotumiwa na wale wa Lausanne, hugunduliwa kwa njia ya kando: elektroni zikiipiga rutheni inatoa miale ya eksirei ya aina yake, na chombo kinaihesabu. Rangi ya choya ni kaboni, haidrojeni na oksijeni tu, vitu ambavyo hata uchafu wa vidole unavyo, kwa hiyo njia hiyo haisaidii. Hapo mtafiti hurudi kwenye mwanga na kupima tabaka lililochovywa limemeza mwanga kiasi gani.

Jambo la pili ni la sampuli, na wafanyabiashara wa nafaka wanalijua kuliko wanasayansi wengi. Sentimita moja ya mraba ina mikroni za mraba milioni 100. Picha inayoonyesha vitundu vizuri huenda inafunika mikroni moja ya mraba au chache tu. Aliyeileta amekuonyesha sehemu moja kati ya milioni 100 ya kipande kidogo. Mnunuzi wa maharage hakubali gunia kwa kuangalia punje aliyochaguliwa. Huchoma bambo juu, katikati na chini, na kwenye magunia tofauti. Vivyo hivyo, picha moja ya kupendeza haithibitishi lolote. Zinatakiwa picha za sehemu kadhaa za kioo kimoja na za vioo kadhaa vya siku tofauti, na ziwe zimechaguliwa na mtu asiye na haja ya kuuza.

Kuhusu ukubwa, usisome maneno "imekuzwa mara 50,000". Picha ikichapishwa kubwa au ndogo maneno hayo hayana maana tena. Soma mstari wa kipimo ulio pembeni ya picha. Picha isiyo na mstari huo ni pambo la ukutani.

Rangi ya nyumba haitoshi

Wapo wanaouliza kwa nini wasichukue unga wa titani kutoka kwa wauza rangi. Jibu liko kwenye hadubini tena. Unga wa rangi za nyumba husagwa uwe na chembe za nanomita 200 hadi 300, kwa sababu ukubwa huo ndio unaotawanya mwanga vizuri na kufanya ukuta uwe mweupe. Kwa uzito ule ule, ukiongeza upana wa chembe mara kumi unapunguza eneo mara kumi. Mwenye chembe za nanomita 250 badala ya 20 amepoteza zaidi ya tisa ya kumi ya nafasi ya kushikia rangi kabla hata hajawasha tanuri. Unga wake ni safi, ni mweupe, na risiti ni halali. Seli itatoa umeme wa kuonyeshea tu.

Kwa sababu hiyo hiyo, wanaotaja madini ya kanda hii kama msingi wa kiwanda cha seli wanaruka hatua nyingi. Kwale, pwani ya Kenya, kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga wenye ilmeniti na rutili na kusafirisha shehena ya kwanza mwaka 2014, hadi uchimbaji ulipomalizika Desemba 2024. Kwetu, Liganga wilayani Ludewa, chuma kilichomo ardhini kimechanganyika na titani na vanadi. Lakini kati ya mchanga wa Kwale na unga wa nanomita 20 kuna kiwanda kizima cha kemikali, na kinachouzwa kwa bei kubwa ni kile kinachotoka mwishoni mwa kiwanda hicho. Seli moja hutumia unga kidogo mno. Mgodi hauwezi kuitegemea kama mteja.

Hesabu ya choya

Rangi za mimea zina mvuto wake, na kwa kufundishia shuleni hakuna kilicho bora zaidi. Choya, zambarau na bogenvilia za uani hutoa rangi zinazoweza kushika titani. Kwa uuzaji, tuweke hesabu mezani. Jua kali la mchana huleta kama wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, hivyo kipande cha sentimita 10 kwa 10 kinapokea wati 10. Paneli ya silikoni ya leo, yenye zaidi ya asilimia 20, ingetoa wati 2 kwenye eneo hilo. Seli nzuri ya rangi ya maabara, yenye asilimia 10, ingetoa wati 1. Seli za rangi za mimea kwa kawaida hubaki chini ya asilimia moja. Tukichukua nusu ya asilimia, tunapata wati 0.05. Kuchaji simu kwa wati 5 kunahitaji vipande 100 vya namna hiyo, yaani mita nzima ya mraba ya vioo, wakati wa silikoni anatumia vipande viwili na nusu. Isitoshe, rangi ya choya inapauka juani, kama kitambaa cha rangi hafifu kinavyopauka kwenye kamba.

Nani anaweza kuangalia

Kwa mkazi wa Sakina, elimu hii haiko mbali. Barabara ya njia nne ya Sakina hadi Tengeru, kilomita 14.1, iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, inaishia jirani na Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2011 na yenye skuli inayoshughulikia malighafi, nishati, maji na mazingira. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia idara yake ya fizikia kimefanya utafiti wa tabaka nyembamba za sola kwa miaka mingi, kwa msaada wa programu ya sayansi ya Uppsala, Sweden. Nairobi nako wapo. Profesa Bernard Aduda wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzake akiwamo Jenny Nelson wa London, walichapisha mwaka 2004 utafiti kuhusu jinsi umbile la tabaka lenye vitundu la titani linavyoathiri mwendo wa elektroni. Hilo ndilo swali tunaloliuliza hapa kwa lugha ya sokoni.

Arusha yenyewe si ngeni kwa biashara ya sola. Off Grid Electric, baadaye Zola, ilianzia mjini hapa, na Mobisol ya Ujerumani iliuzia wateja wake wa Tanzania kutoka hapa hapa mpaka ilipofilisika mwaka 2019 na kuchukuliwa na Engie ya Ufaransa. Zote ziliuza paneli za silikoni kwa malipo ya kidogo kidogo. Hazikuhitaji hadubini, kwa kuwa silikoni ilikwisha kupimwa na wengine kwa miongo kadhaa. Atakayeleta sola ya rangi hatakuwa na mgongo huo wa kuegemea.

Soko lake liko wapi

Kampuni ya G24 Innovations ilijenga kiwanda cha seli hizi Cardiff, Wales, na kupeleka shehena yake ya kwanza ya biashara Hong Kong mwaka 2009, kwa ajili ya mabegi yenye sola. Desemba 2012 ilikuwa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Katika miaka hiyo bei ya silikoni ilikuwa ikiporomoka, na aliyetarajia kushinda kwa urahisi wa bei alikuta urahisi huo umehamia kwa jirani. Maabara hazikusimama: mwaka 2022 watafiti wa Lausanne walitangaza seli ndogo iliyofikia asilimia 15.2. Ni maendeleo makubwa, na bado iko nyuma ya paneli ya silikoni iliyo dukani.

Panapoonekana faida ni ndani ya nyumba. Kwenye mwanga hafifu wa taa, seli ya rangi inaipita silikoni ya kawaida. Mwaka 2017 ilipatikana asilimia 28.9 chini ya taa ya lux 1,000. Exeger ya Stockholm inauza seli za aina hiyo zilizojengwa ndani ya vifaa kama visikilizio vya kichwani. Mnunuzi asichanganywe na asilimia hiyo. Mwanga wa taa ni mdogo, na kipande chetu cha sentimita 10 kwa 10 hapo kingetoa kama wati 0.009. Hicho kinatosha kihisio cha joto au rimoti. Kuchaji simu kwa wati 5 kungehitaji vipande zaidi ya 500.

Kwa hiyo akija mtu Sakina na sampuli ya sola ya rangi kwa ajili ya mapaa, aulizwe cheti cha majaribio ya kimataifa ya IEC 61215, ambayo ndani yake paneli hukaa saa 1,000 kwenye joto la nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85. Swali hilo lina sababu. Kimiminika kilichotumika sana maabara, asetonitrili, huchemka kwenye nyuzi 82, na kwa mwinuko wa Arusha chini kidogo ya hapo. Watengenezaji makini hutumia vimiminika vizito zaidi au kuachana na kimiminika kabisa, nao watasema ni kipi. Aulizwe picha za pembeni za tabaka kutoka vioo vitatu tofauti, zenye mstari wa kipimo, pamoja na vipimo vya umeme vya vioo hivyo hivyo.

Kisha, kabla ya yote hayo, mnunuzi achukue lenzi ya fundi saa na kuangalia gundi iliyozunguka kingo za kioo. Mapovu madogo yaliyojipanga, au rangi iliyopauka kuanzia pembeni kuelekea ndani, ni kimiminika kinachotoka au hewa na unyevu vinavyoingia. Mistari ya fedha inayokusanya umeme ikiwa imeliwa na kukatikakatika, madini joto yameifikia.